Nyundo ya Baba Chini ya Meza Yangu

Shikamooni wakubwa. Admin, jina langu libaki kwako, maana ndugu zangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka 41, Mtanzania, naishi Burnsville, huku ughaibuni, na mume wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni ghalani, kule Shakopee.

Baba yangu alikuwa bwana miti, yaani afisa misitu wa serikali. Kwetu mbao haziruhusiwi kuuzwa mpaka afisa azigonge kwa nyundo yenye alama ya serikali. Nilipokuwa mdogo Baba alinigongea nyundo yake kwenye mche wa sabuni nifurahi. Herufi ya mwisho ya alama ile ilikuwa na pengo, tukawa tunaiita Kibogoyo.

Nikiwa kidato cha nne nyundo ile ikapotea. Baba akaambiwa ameiuza kwa wezi wa magogo, akafukuzwa kazi. Shule yangu iliishia pale. Mpaka leo Baba anajilaumu kwamba aliisahau msituni.

Sasa majuzi nilitaka meza ya kulia chakula. Madukani huku zipo zenye nembo kuonyesha mti umevunwa kihalali, mume wangu akasema tuchukue hizo. Mimi nikang'ang'ania mninga wa nyumbani. Kaka yangu mkubwa anauza samani kule nyumbani, nikampigia kumuuliza kama mbao zake zimegongwa nyundo. Akacheka.

"Mdogo wangu, wewe mtoto wa bwana miti, mimi nikutumie mbao za wizi? Ikifika, inama uangalie."

Meza ikaja kwenye kontena la Watanzania wenzetu. Nikapiga magoti na tochi ya simu. Mwanangu akauliza, "Mom, are you praying?" Alama ilikuwepo, na herufi ya mwisho ilikuwa na pengo. Kibogoyo yule yule.

Nikampigia kaka kwa video, nikamwonyesha. Akasema, "Si ulitaka yenye nyundo? Mimi ninayo hiyo moja tu." Kisha akaanza kubembeleza, "Mzee asijue, dada. Itamuua."

Jamani, nimeumia. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tu kwa watu. Miaka yote hii kaka anakaa na Baba sebuleni, Baba anajilaumu, na yeye anampa pole. Na mimi aliponidanganya alitumia jina la Baba huyo huyo.

Baba amepata viza, mwezi ujao anakuja kuwaona wajukuu. Namjua, haketi kwenye meza ya mtu kabla hajainama kukagua mbao. Mume wangu anasema tuitoe tu, yaishe. Lakini nikiitoa, kaka amepona na Baba atazikwa na kosa ambalo si lake. Nikiiacha, atajua kwamba mwizi wake alimzaa mwenyewe.

Wapendwa, nisaidieni mawazo, matusi wekeni pembeni. Meza niitoe, au niiache Baba ainame?