Sinia Mbili za Wajumbe

Hadi leo nikiona wanaume wazima wananawa mikono pamoja, nawaangalia kwa wasiwasi. Niliupata wasiwasi huo jikoni, chama chetu cha kahawa huku Litembo kilipoteua wajumbe wa kuandika katiba mpya.

Soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa. Nusu ya wajumbe walitaka kahawa iendelee kuuzwa kupitia chama, nusu walitaka kila mkulima amuuzie mnunuzi binafsi anayemtaka. Mimi niliwapikia. Nilikuwa mjane, na kifungu kimoja kilinihusu: mjane arithi uanachama wa mumewe. Bila hicho, kahawa yangu ingepokelewa kwa jina la shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa mjumbe wa upande wa chama.

Sisi Wamatengo tuna sengu: wanaume wa ukoo hula pamoja na kumaliza mambo yao hapo hapo kwenye chakula. Basi nikapika mbasa, samaki wa ziwani, nikapakua sinia moja. Waligoma. Upande wa chama ukataka yake, nje ya ukumbi. Nikagawa kutoka sufuria ile ile, wakala kwa pupa, kila upande ukiuliza wenzao wamepewa kichwa au mkia. Aibu tupu.

Asubuhi hiyo upande wa wanunuzi ulikuwa umependekeza kifungu changu, upande wa chama ukakikataa. Nikimmiminia shemeji maji, nilimuuliza kwa nini.

"Kifungu ni cha haki, shemeji," alisema huku akichokoa mwiba menoni. "Lakini wamekileta wale."

Nikamwambia, basi kileteni nyinyi. Kesho yake wakakileta kweli, neno kwa neno. Wale wale waliokitunga wakainua mikono kukipinga, kisha mmoja akaja jikoni kunipa moyo, eti kifungu ni kizuri sana. Nilitamani kummwagia mchuzi.

Siku ya mwisho katiba ilisomwa. Ilianza na "Sisi, kwa umoja wetu," na wajane hawakutajwa popote. Nikauzima moto, nikapakua sinia mbili za unga mbichi, nikazifunika vizuri na kuondoka.

Msimu ule nilichuma kahawa niliyoipalilia mwenyewe, nikaibeba kichwani hadi kwenye mizani, ikaandikwa jina la shemeji. Alichoniuliza ni kama bado nina hasira za ule unga.