Changarawe Yangu Ilivyohama

Mpaka sasa imenigharimu shilingi elfu sita na mia mbili: elfu nne mia tano za changarawe, mia saba za rangi, elfu moja za bodaboda. Nimehesabu mara mbili na imekataa kupungua.

Nilitaka kumwekea mama sakafu. Anakuja kutoka Garbatulla kukaa na sisi. Goti lake ni bovu, na chumba nilichomjengea bado ni udongo wenye mashimo. Nikanunua rundo la changarawe pale mtoni, kwa mzee anayeichekecha. Ili kuokoa nauli ya lori, nilimwambia iendelee kukaa hapo hapo hadi nipate lori linalopita na mzigo wa mtu mwingine.

Kwetu mali haiachwi bila alama. Mbuzi hukatwa sikio, ngamia huchomwa chapa. Nikapaka mawe yangu rangi ya buluu. Yale ya juu tu, maana rangi ni ghali.

Mvua ikanyesha huko mlimani. Sisi Isiolo tulikuwa tunakula vumbi, na mto ukaja umejaa. Maji yaliposhuka, palipokuwa na rundo langu nilikuta mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe.

Nikafuata buluu kuteremka na mto. Mawe mazito hayakuwa yamefika mbali. Yale ya ukubwa wa ngumi yalikuwa yametawanyika katikati. Madogo, yale hasa niliyolipia, yalikuwa yamejikusanya kwenye kona ya mto, upande wa ndani, safi, bila mchanga. Mafuriko yalikuwa yamechekecha vizuri kuliko mzee. Kwenye hiyo kona alikuwa ameketi mama mmoja mwenye chekecheke lake, ambaye sehemu ile ndiyo yake ya kuchota.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Leo bei iko chini. Mto umeniletea."

"Umeleta yangu. Iko na alama."

"Yenye iko na alama, chukua."

Nikaokota mpaka mgongo ukalia. Haikujaa karai moja.

"Na hii ingine?" nikauliza.

"Hiyo haina mwenyewe."

"Mama, mbuzi akiwa na alama, si watoto wanamfuata?"

Aliinua macho kutoka kwa chekecheke. "Sawa. Nionyeshe yenye inanyonya."

Nikarudi kwa mzee aliyeniuzia. Aliyatazama yale mawe makubwa kwa furaha, kama mtu aliyeletewa wageni.

"Haya ni ya msingi," akasema. "Bei yake iko juu kushinda changarawe. Ungeniongeza kitu kidogo."

"Mzee, msingi niko nao. Ninataka sakafu."

"Basi jenga nyumba ingine."

Fundi naye anasema mawe hayo yanaweza kukaa chini, lakini juu lazima changarawe, la sivyo mama atatembea kama yuko mlimani. Jana mama alipiga simu kuuliza kama sakafu imekauka. Nilimwambia haina maji hata kidogo.

Anafika Ijumaa. Mama wa kwenye kona ameshuka hadi elfu tatu, na hashuki tena. Nimejaribu mara mbili. Wewe uliyewahi kujenga, nishauri: ninunue changarawe yangu mwenyewe mara ya pili, au nichukue nyundo nianze kuvunja haya mawe, na mama nimwambie nini akinikuta bado navunja?