Chumba cha Kuitwa

Ukiwahi kwenda siku ya Jumamosi kwenye bustani ya michezo ya maji iliyo upande wa Mapinga, ukasikia kipaza sauti kikitangaza kwamba mtoto mwenye bukta nyekundu anamtafuta mama yake, au kwamba ni marufuku kuingia bwawani na suruali ya jinzi, basi uliyemsikia ni mimi. Watu hunijua kwa sauti kabla ya sura. Wakishaniona, wengine huvunjika moyo, maana sauti yangu ni ya mwanamke mrefu, mwembamba, asiye na haraka, na mimi si hata kimoja katika hivyo.

Kazi yangu kubwa ni watoto waliopotea. Walionitangulia walikuwa wakiwaita kama askari anavyoita mahabusu, na mtoto aliyepotea akiitwa hivyo huzidi kujificha. Mimi nilikuwa na namna yangu. Nilivuta mwisho wa jina kidogo, nikalilegeza, kama mama aliye jikoni anayemwambia mwanawe wali umeiva. Mtoto aliyejikunyata nyuma ya mabomba alitoka mwenyewe, akaja hadi mapokezi huku anafuta machozi. Nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa, na vyeti vyenyewe si vingi.

Halowini, sikukuu ya Wazungu ya kutishana, ilikuja na meneja wetu, aliyeiona huko alikosafiri akaipenda. Mwaka wa kwanza alileta mifupa ya plastiki, buibui wa mpira na maboga yaliyochongwa macho na meno. Watoto wa Bagamoyo walicheka mpaka wakakaa chini. Kina mama wa usafi hawakucheka. Waliyatazama yale maboga kwa uchungu, na jioni wakaondoka na vipande vilivyokombwa ndani wakavipike kwa nazi. Mwaka uliofuata maboga yalikuwa haba, tukaletewa mananasi ya Kiwangwa yachongwe sura za mashetani. Kufika alasiri sisimizi walikuwa wengi kuliko wageni.

Kwa hiyo mwaka jana meneja alituita kikao. Alitaka vitisho vipya, na safari hii viwe vya kwetu. Mmoja akataka ushoroba wa kupita gizani huku katani mbichi zinakugusa usoni, ukakubaliwa. Mwingine akataja mambo ambayo meneja alisema hayasemeki mbele ya watoto. Kisha nikanyoosha mkono mimi, niliyekuwa nimekwenda kikaoni kunywa soda.

Nikasema kilichonitisha utotoni si mfupa, ni kuitwa. Sote tulilelewa hivyo pwani hii: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nenda ukamtazame kwanza, au ngoja akuite mara ya tatu, maana jini haiti mara tatu. Ukimwitikia umempa ruhusa. Nilipomaliza, dada anayekata tiketi alikuwa anajisugua mikono, vinyweleo vimemsimama. Meneja akapiga meza. Na nani mwingine angeita, kama si mimi?

Chumba chenyewe kilikuwa kitupu, kuta nyeusi, na mbele mlango mmoja ulioachwa wazi kidogo, nyuma yake taa ya njano. Mtoto aliingia peke yake. Jina lake lilikwisha kuandikwa kwenye utepe wa mkononi pale getini, na dada wa tiketi alinitajia kwa simu ya upepo. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye kibanda cha mbao, na maikrofoni na kioo kidogo cha kamera. Niliita mara mbili tu, sauti ikitokea spika ya upande wa mlango. Asiyeitika alipita salama. Aliyeitika, taa ilizimwa, na kutoka kwenye spika ndogo iliyofichwa karibu na sikio lake nilimnong'oneza: "Ahsante kwa kuniitikia."

Watu walitoka mle wanakimbia bila viatu. Kilichonichekesha siku za mwanzo ni kwamba chumba kile kiliwaadhibu waliolelewa vizuri. Watovu wa adabu walipita wanatafuna bisi. Walionaswa ni wale waliofundishwa kwamba mkubwa akikuita huulizi "nini?", unasema "naam" ukiwa mvulana na "abee" ukiwa msichana. Niliwasikia wakiitika kwa heshima zote, nikazima taa. Nilicheka, sikatai.

Nyumbani sikusema. Naishi na mama mkwe mjini Bagamoyo, mume wangu ni dereva wa magari makubwa na mara nyingi yuko njiani. Mama mkwe ni mtu wa dini, jini kwake si jambo la kuchezewa kwenye banda la tiketi. Nilimwambia niko kwenye kipaza sauti kama kawaida, na nikajiambia huo si uongo.

Sasa nina binti, mmoja, wa darasa la tatu. Kuitika nimemfundisha mwenyewe. Alipokuwa mdogo zaidi aliwahi kuniitikia "ee", nikamfinya, na hakurudia. Jumamosi moja, wifi yangu anayekaa Bunju, dada wa mume wangu, alikuja kumchukua bila kuniambia, mama mkwe akiwa sokoni. Alitaka anifanyie mshangao: mtoto aone kazini kwa mama, ale aiskrimu, kisha wanishtukize mapokezi. Hakujua kwamba siku hiyo sikai mapokezi.

Jina liliposomwa kwenye simu ya upepo sikushtuka. Ni jina la watu wengi, darasani kwao tu wako wanne. Nikaliita kama nilivyoita mengine yote. Kwenye kioo nikaona mtoto amesimama katikati ya chumba, kimya, mikono imeshika ncha za ushungi. Ushungi wa kijani. Niliupinda mimi mwenyewe kwa sindano, upande mmoja umekwenda upogo.

Hakuitika. Alisimama kama alivyofundishwa, anautazama mlango, anangoja. Hapo nilipaswa kuinuka. Kibanda kilikuwa na mlango, ningetoka nikamshika mkono, mchezo ukaisha kwa kicheko. Lakini meneja alikuwa nyuma yangu na wageni wawili waliokuja kupiga picha za video, na siku nzima hakuna mtoto aliyekishinda chumba changu mbele yao. Kusema kweli si hilo tu. Sikutaka kushindwa, hata na mwanangu. Nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni nikamwita mara ya pili, na safari hii sikumwita kama wengine. Nilimwita kama ninavyomwita nyumbani.

Uso wake ukafunguka. "Abee, mama!" akasema, akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Nikazima taa. Nikamshukuru kwa kuniitikia.

Meneja akanipiga begani, wageni wakacheka. Nilisingizia haja ndogo nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikawakuta kwenye kibanda cha juisi. Wifi amempakata, anampepea kwa mtandio. Binti yangu hakuwa analia. Nikafika nikiwa na uso wa mtu anayetoka mbali. "Kulikoni?" nikauliza. Wifi akaanza kueleza huku anajilaumu, na mimi nikamsikiliza mpaka mwisho kana kwamba sijui. Mtoto alinitazama muda wote huo. Nikadhani ni mshtuko; ile "mama" yake nilijiambia ni mazoea tu ya kuitika, kwamba hakunitambua.

Tangu siku ile hakuitika tena. Kuongea aliongea, kucheza alicheza, lakini ukimwita akiwa hakuoni, hatoi sauti. Anakuja taratibu, anachungulia, akishakuona uso ndipo anasema, "Nimekuja." Shuleni mwalimu aliita majina huku ameinamia daftari la mahudhurio, akamwandika hayupo ilhali amekaa dawati la mbele. Nilipokwenda kueleza nilisema mtoto ana homa za mara kwa mara. Nilianza kuwa hodari wa kueleza.

Kisha likaja lori la mchanga. Mtaani kwetu watu wanajenga, malori yanarudi nyuma kama vipofu. Binti yangu alikuwa anachora mchezo wa kuruka kwenye vumbi, mgongo ameupa barabara. Mama mkwe akaliona lori kutoka barazani, akamwita kwa jina kwa nguvu zote alizonazo. Mtoto alisikia. Majirani walimwona akisikia, mabega yalimpanda. Hakuitika wala hakugeuka, alikaza macho chini akaganda pale pale. Utingo ndiye aliyeruka akamnyakua.

Jioni hiyo mama mkwe alikaa mkekani, mtoto mapajani, hataki hata chai. "Mtoto kaitwa huyu," akasema. "Kaitwa, na kaitika. Nani kamtoa hapa kumpeleka kule kwenye mabwawa?"

Nilikuwa nachambua mchele. Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote, tulikuwa wenyewe, na hofu ya lori bado imetushika hata lawama zisingekuwa kali sana.

"Shangazi yake, mama," nikasema.

Akampigia bintiye simu hapo hapo. Alimwambia asitie mguu nyumba ile mpaka mtoto apone, na kwamba kama mtoto angekufa leo damu yake ingekuwa juu yake. Nilisikia wifi akilia kwenye simu kutoka nilipokaa. Nikaendelea kuutoa mchele mawe hata yasipokuwepo. Wifi huyu ndiye aliyenilea nilipojifungua, alinikanda kwa maji ya moto siku arobaini zote, na hakunitania hata siku moja kwa kulialia kwangu wakati ule.

Siku ya pili alikuja maalim wa madrasa. Akaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya marashi mpaka maandishi yakayeyuka, maji yakawa ya dhahabu. Binti yangu akapewa anywe. Alikunywa huku amekunja pua, akanitazama juu ya ukingo wa bakuli. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na maalim, nimejitanda vizuri. Dua ilipofika mwisho tukaambiwa tuitikie amin. Niliitikia kwa sauti, na sauti yangu, Mungu anisamehe, ilitoka nzuri. Usiku nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia adui. Maneno ya Mungu yameoshwa, mtoto ameyanywa, na jini lenyewe lilikuwa limekaa pale linasema amin.

Hata hivyo sikusema. Nilijipa sababu kila siku: mama mkwe ana presha, mume wangu yuko safarini, mtoto atasahau. Halowini ikaisha, nikarudi kuwaita waliopotea. Kila nilipovuta mwisho wa jina la mtoto wa watu niliona ushungi wa kijani, nikaanza kuita kikavu kama wale walionitangulia.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa namsuka. Amekaa chini katikati ya magoti yangu, kanipa mgongo, mafuta ya nazi yako kwenye kisosi. Nikamwita kwa jina ili ainamishe kichwa. Kimya. Nilikuwa nimezishika nywele zake mkononi, na bado kimya. Moyo ukanichoka.

"Mwanangu, mbona huitiki? Si mimi huyu hapa nyuma yako?"

Akavuta kamba ya kandambili yake, akaiachia. "Kule chumbani nilijua ni wewe," akasema.

Chanuo likanitoka mkononi.

"Mara ya kwanza sikujua," akaendelea bila kugeuka. "Nikanyamaza kama mlivyonifundisha. Mara ya pili ukaniita kama ukiniita nikiwa kwa jirani. Nikajua ni mama. Ndiyo nikaitika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata kwa jini la kweli, lakini si kwa hili. Nikamuuliza, na naona haya kwamba ndilo swali lililonijia, kwa nini basi hakumwambia bibi yake.

"Si ulikuwepo," akasema. "Siku ya kombe ulikuwa umekaa pale pale. Nilikuwa nangoja wewe useme."

Nilimwacha na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, nikatoka uani na simu. Mama mkwe alikuwa bado msikitini, na yeye nilijua nitamkabili akirudi, lakini wa kwanza alikuwa mwingine. Nilisimama kando ya kamba ya nguo, nikapanga maneno: nitaanza kwa salamu, nitauliza wa huko, halafu nitasema. Simu haikuita mara mbili.

"Wifi," akasema, hata salamu hakuningoja. "Mtoto kaanza kuitika?"