Nyumba ya Nekesa Kule Moding

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu. Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa kuchuma pamba. Mama alinichukua kutoka kwetu Busibwabo twende tukamwone dada yangu mkubwa, Nekesa. Tulishuka basi Malaba, tukamaliza safari kwa miguu hadi upande wa Moding, ambako Nekesa na mumewe walikuwa wamehamia makao mapya yaliyoanzishwa na kanisa.

Nyumba zilipangwa mistari miwili, milango ikitazamana, na shamba moja la wote likizizunguka: pamba, mahindi, na zizi la ng'ombe wa maziwa. Waluhya na Wateso walilima bega kwa bega. Mimi nilipapenda. Mama alisimama njiani akauliza, "Boma liko wapi? Kaburi la babu yenu liko wapi?"

Nekesa alikuwa amechinja kuku, nawe unajua kwetu kuku wa mgeni ni heshima gani. Akaleta maji ya kunawa, akapiga goti. Mama akaficha mikono ndani ya leso.

"Mimi siwezi kula kwa kambi ya vibarua. Mwacha mila ni mtumwa."

"Mama, ingia tu ndani uone. Hata kama hutakula."

"Nione nini?"

Jirani yao, mama mzee wa Kiteso, alisikia. Akaja akasema kwa upole, "Mama, kama hukupenda nyumba, angalia basi mtoto wako huyu, Nekesa. Wiki yote anatuambia tu, mama anakuja, mama anakuja."

Mama aligeuka, akanishika mkono. Tuliondoka na jua lile lile la mchana, na nilipotazama nyuma, Nekesa alikuwa bado amepiga goti.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mimi naongeza: hata heri yake huijui.

Kila mavuno Nekesa alituma salamu, twende. Mama alijibu kwamba kwetu hakujafungwa, aje mwenyewe. Kiburi, mwanangu, hakina mavuno. Miaka ikapita hivyo, halafu macho ya mama yakaingia ukungu, mpaka akawa haoni kabisa. Ndipo akaniambia, "Nipeleke Moding."

Nekesa alitupokea akilia. Alimshika mama mkono, akamzungusha shamba zima. Mama aligusa pamba, akagusa mgongo wa ng'ombe. "Huyu ni wa rangi gani? Na nyumba yako umeipaka nini?" Alipapasa ukuta polepole, pembe hadi pembe, kisha akauegemea.

"Nekesa," alisema, "siku ile nilikuwa na macho."

Dada yangu aliuegemea ukuta ule ule, bega lake likagusa la mama.

Basi, mwanangu, ndugu yako akijenga maisha usiyoyajua, usiyahukumu ukiwa njiani. Ingia, keti, uliza, ndipo useme. Na wala usingoje mpaka uwe wa kusimuliwa yale uliyoitwa uyaone. Mungu akupe moyo mwepesi wa kuwaendea watu wako mapema, na popote watakapotua, wakufurahie ukifika.