Mama Pasi asaka alama za kuibakisha familia

Mvuke unafuka kwenye mashine ya pasi, na mwanamke aliye mbele yake hanyamazi. Anakunja shuka la hospitali, analiweka juu ya rundo, anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Kazi yangu ni kunyoosha mashuka. Naipenda kwa sababu…" Anasita. "Kwa sababu gani, jamani?"

"Mgonjwa akilalia shuka safi anajiona bado ni mtu," anamjibu mwenzake wa meza ya pili, bila kuinua kichwa.

"Hiyo tamu! Naiiba."

Hapa kwenye chumba cha kufulia wanamwita Mama Pasi. Jumamosi anafanya mtihani wa kuzungumza lugha ya nchi hii aliyohamia na mumewe, fundi wa kuchomelea mageti. Kibali chao cha kuishi hapa kinaisha mwisho wa mwezi.

Zamani kilitolewa kwa kazi ya mume. Sheria mpya inadai alama sitini: za umri, elimu, kazi na lugha. Mume ametimiza miaka arobaini na mitano, alama za umri zikapungua, akabaki na hamsini na tano. Mkewe, aliye mdogo kwake, ana hamsini. Akifaulu mtihani ataongezewa kumi na tano, na familia nzima itabaki kupitia kwake. Akishindwa, wanafungasha.

"Lugha naijua," anasema. "Shida ni kwamba kwenye ofisi za serikali siku zote anaongea mume wangu. Mimi nabeba mtoto na kutabasamu."

Nyumbani, mazoezi ni vurugu tupu. Mume anasoma swali.

"Unaishi na nani?"

"Naishi na…"

"Na mume wangu na watoto wawili! Sema hivyo."

"Baba watoto, kwani mtihani ni wako?"

Binti yao anacheka hadi anapaliwa na chai. Mume naye anacheka, kisha anatoka nje na kuzunguka uani.

"Mageti ya mtaa huu mengi nimeyachomelea mimi," anasema. "Leo nafungiwa nje kwa kosa la kuzeeka."

Hata hivyo, wiki hii ndiye anayeosha vyombo na kuwalaza watoto. Msimamizi wa Mama Pasi naye amembadilishia zamu ya Jumamosi kabla hajaombwa.

Mume alitaka kumsindikiza. Mke akakataa. "Akikaa mlangoni atajibu kupitia tundu la kitasa!"

Usiku wa jana, badala ya kusindikizwa, mke alimwomba jambo moja: aulize maswali, halafu afunge mdomo. Mume aliuliza, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mke akaeleza kazi yake, watoto, safari iliyowaleta. Alikosea mara mbili. Mume alitikisa mguu, akatokwa na jasho, lakini hakumsahihisha.

"Hapo ndipo nilipoona naweza," anasema Mama Pasi, akivuta shuka jingine. "Jumamosi nitaongea mpaka yule mtahini aniombe ninyamaze."