Piki ya Pembe na Kidole cha Kija

Kidole chenyewe ni cha shahada, cha mkono wa kulia. Mke wangu Kija anakata minofu ya sangara kiwandani, mwaka wa kumi na moja sasa, na kisu anakijua kuliko mimi ninavyozijua baiskeli, ingawa vipuri vya baiskeli ndivyo vinavyotulisha, nauza hapo Mabatini. Mwezi wa tano samaki mmoja aliteleza mezani, kisu kikapita. Akashonwa nyuzi nne. Kidonda kilipona vizuri hata daktari akasifu, sisi tukamshukuru Mungu, tukadhani yamekwisha.

Jioni moja akalishusha gitaa lake la besi ukutani, akakaa kitandani, akapiga kidogo, akaacha.

"Baba Precious, njoo."

Nikaenda moja kwa moja kwenye spika. Mimi kila kitu kikiharibika nashika waya kwanza.

"Acha waya. Shika hiki kidole. Kibonyeze."

Nikakibonyeza. Akasema nibonyeze zaidi. Nikabonyeza mpaka nikaona huruma, yeye ananiangalia tu usoni.

"Umeshaanza?" akauliza.

Ncha ilikuwa imekufa. Kidole kinakunjika, kinanyooka, lakini hakijui kama kimegusa uzi au kimegusa hewa.

Nieleze besi ni nini kwa Kija, maana wengine mtasema ni gitaa tu. Alianza akiwa msichana wa sauti ya pili pale kwayani kwetu Buzuruga. Mpiga besi alipohama mji, gitaa likakaa kwenye kona miezi mitatu, hakuna mwanamume aliyelitaka, kila mmoja anataka lile jembamba la kupigia madoido. Kija akaomba. Walicheka, na nakiri na mimi nilicheka, tulikuwa bado wachumba. Leo ni miaka tisa. Akisimama pale nyuma na lile gitaa refu kuliko kiwiliwili chake, wageni hugeuka kutazama. Kiwandani anasimama kwenye baridi saa nane bila mtu kumjua jina. Kwayani anajulikana.

Sasa mwalimu wetu wa kwaya, Yakobo, ndiye mpiga kinanda. Kijana hodari, mpole, ana heshima. Ila kinanda kina sauti nzito upande wa kushoto, na siku hizi kwaya nyingi zimeachana na gitaa la besi kabisa. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unamaliza kazi. Kija alipokosea mazoezini mara ya tatu, Yakobo alisimamisha wimbo.

"Dada Kija, Jumapili ya mwisho wa mwezi tunaenda Sengerema. Besi ikiyumba kule, nitaibeba mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Wewe utarudi sauti ya pili, na itabaki hivyo. Nakuambia mapema tusije tukalaumiana."

Alisema kwa upole, mbele ya watu wote. Bora angefoka.

Njiani nikamwambia Kija, mweleze habari ya kidole, ni mtu mwelewa yule. Akanijibu bila kugeuka: "Nikimweleza atanihurumia. Akishanihurumia atanipumzisha. Nyamaza." Nikanyamaza. Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi toka tumboni kwa mama yangu, wingu likitanda tu nahesabu mabati. Wiki tatu zile sikulala vizuri hata siku moja.

Njia iliyobaki ilikuwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki ambacho wapiga gitaa hukishika kati ya gumba na shahada wakacharazia nyuzi. Kija alizoea vidole vitupu, piki hakuwahi kuigusa. Nikaenda mjini dukani nikanunua ya kwanza niliyopewa. Nyembamba, ya gitaa la kawaida. Kwenye nyuzi nene za besi ikapepesuka, ikatoa sauti ya karatasi. Nikarudi nikaleta nene, ngumu. Hiyo nayo ikawa inagonga kak, kak, kila noti inatanguliwa na mlio kama wa mgongo wa kijiko. Mtoto wetu Precious alisikiliza kidogo akauliza kama mama anatengeneza kitu.

Ndipo nikapata akili yangu. Nyumbani kwetu hayakosekani mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kiwandani baada ya minofu kukatwa. Nikachagua gamba kubwa kuliko yote, nikalianika juu ya bati siku mbili, nikalikata kwa mkasi kwa umbo la piki, nikalisugua kingo kwa msasa. Jamani, lililia vizuri! Sauti mviringo, laini, karibu sawa na kidole. Nilijisifu kuanzia asubuhi mpaka Kija akaniambia inatosha.

Akapiga wimbo wa kwanza. Akapiga wa pili, na katikati ya wa pili besi ikaanza kuzama. Akafungua mkono. Jasho lilikuwa limelilainisha gamba, limejikunja.

"Samaki anataka kurudi majini," akasema.

"Labda tulipake rangi ya kucha."

"Baba Precious, ni gamba. Nakata samaki kila siku, najua gamba likilowa linakuwaje."

Nilinuna. Nilijua amesema kweli, na bado nilinuna. Kipande chenyewe sikukitupa. Nikakianika tena na kukitia kwenye mfuko wa shati.

Yeye ndiye aliyemfikiria mzee Mbaruku, fundi wa kunoa visu pale pale Mabatini, ambaye huwatengenezea wakata samaki mipini ya pembe la ng'ombe. Tulimkuta ameinamia jiwe lake.

"Shikamoo mzee Mbaruku."

"Marahaba, mwanangu. Kisu kimefanya nini tena?"

Kija akamweleza anachotaka. Mzee akamwangalia mkono jinsi ulivyoshika pochi, kidole cha shahada kimekaa pembeni.

"Hicho kidole kimekufa," akasema.

Wala hakuuliza zaidi. Akakata vipande vitatu vya pembe, cha kwanza chembamba, cha pili unene wa sarafu ya mia mbili, cha tatu unene wa kifungo cha koti, akatuambia tukajaribu vyote na kuvirudisha viwili. Usiku ule Kija alijaribu mpaka jirani akakohoa ukutani. Alichagua cha kati, ila kesho yake mzee akaisugua ncha yake iwe mviringo kidogo ili isigonge. Pembe haikuhofia jasho. Besi ikarudi kwenye wimbo, imekaa chini ya sauti za watu, unaisikia kifuani.

Ningeweza kutulia sasa. Lakini Kija mwenyewe akaniharibia.

"Unajua naishika na nini?"

"Gumba na shahada."

"Shahada ndiyo imekufa. Ikidondoka sitajua, Baba Precious. Sitajua mpaka niangalie."

Jumapili tulivuka kwa kivuko cha Kamanga, kwaya nzima na vyombo. Wenzetu waliimba njia nzima. Kija alikaa pembeni, kila dakika mbili anafungua kiganja, anaitazama piki, anafumba. Mimi nilimtazama yeye. Tena Sengerema ndiko kwao Kija. Mama yake, mama mkwe wangu, alikuwa ameketi kanisani benchi la pili pamoja na shangazi wa Kija, Tereza, na ukoo mzima nyuma yao. Mimi siimbi, nilikaa benchi la pembeni, na mbele ya mama mkwe hata kikohozi nakimeza.

Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili salama. Wa tatu ndio mrefu, ndio wenye besi ya kutembea, na hapo watu wakaanza kuinuka kutunza. Kule wakifurahi hawakai: wanakuja mbele wakicheza, wanaweka noti kikapuni, wanawafuta waimbaji jasho kwa vitenge. Na kwaya nayo inazidi kurudia kiitikio, maana huwezi kukata wimbo watu wakiwa mbele wanatunza. Shangazi Tereza alipomwona mtoto wa kaka yake ndiye anayeunguruma kule nyuma, alipiga kigelegele, akapenya katikati ya waimbaji, akavua kitenge chake kipya na kumfunika Kija mabega. Kitenge kikateleza, kikafunika mkono, kikafunika nyuzi. Shangazi akakivuta juu kumwekea vizuri, akarudi anacheza.

Mkono wa Kija uliendelea kwenda. Besi haikuwepo.

Nilijua kabla yake. Yeye alisikia ukimya, akaangalia chini, akaona kiganja kitupu. Sakafuni kulikuwa na miguu ishirini. Akajaribu na kidole cha kati peke yake, kikawa kinachelewa. Nikamwona Yakobo akigeuza kichwa. Akageuka tena kwenye kinanda, na mkono wake wa kushoto ukaanza kusogea, taratibu, kwenda upande wa sauti nzito.

Nikainuka. Sikumbuki kuamua. Huwezi kukimbia mbele ya kwaya watu wakitunza, utadhaniwa una wazimu, kwa hiyo nikacheza. Mimi, ambaye kwenye harusi yangu nilisimama tu, nikapita mbele ya mama mkwe nikicheza, mabega na yote, nasikia watu wa ukweni wakishangilia, uso unawaka moto. Nikafika kwa Kija. Badala ya noti nikatoa mfukoni lile gamba la sangara, nikambania kati ya gumba na kile kidole.

Alilitazama sekunde moja. Besi ikarudi.

Nikadhani nimemaliza. Lakini kucheza kwangu ndiko kulikowainua wengine, kaka zake Kija, majirani, watoto, na kiitikio kikarudiwa tena, na tena. Nilisimama pale nahesabu marudio, najua gamba lina wimbo mmoja na nusu tu ndani yake, na mikono ya Kija ilikuwa inang'aa jasho. Mara ya tano akaligeuza, akatumia upande mwingine, macho hayatoki kwenye kidole. Nilimwomba Mungu watu wa ukweni wakae chini. Hatimaye Yakobo akainua mkono, wimbo ukafungwa, noti ya mwisho ikatoka nzito na fupi. Mkono wa kushoto wa Yakobo ulikuwa umelala pajani.

Nje, tukiwa tumepewa soda, Yakobo alikuja moja kwa moja kwa Kija na kumwomba afungue mkono. Gamba lilikuwa limejikunja, laini kabisa. Kija hakuficha tena. Akamwonyesha na kovu.

"Tangu lini, dada?"

"Mwezi wa tano."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipumzisha."

Yakobo akalichukua lile gamba, akalinyoosha kwa kidole.

"Ningekupumzisha," akasema. "Kweli."

Shangazi Tereza akaja anakung'uta kitenge chake. "Mwanangu, kifungo chako hiki, kilikuwa kimenasa humu."

Yakobo ndiye aliyekipokea kile kipande cha pembe, Kija akamweleza habari ya mzee Mbaruku, fundi wa visu aliyekichonga. Akakigeuza, akakipima kwa kucha, akakirudisha kwenye kidole cha Kija kuona kinavyokaa.

"Huyo mzee wako wa visu anaweza kuitoboa tundu hapa juu? Tupitishe uzi, tuifunge kidoleni. Hata ikitoka isifike chini."

"Anaweza," Kija akasema.

"Basi mpitie kwake kesho. Jumatano mazoezi, na ule wimbo tutaurudia kama leo, wewe kwenye besi."

Tangu siku ya kisu Kija hakuwa amelia. Alilia hapo, amesimama na soda mkononi, mama yake akimuuliza kwa Kisukuma nani amemuudhi.