Anachonga Jengo Linaloweza Kumwondoa

Saa mbili asubuhi, jengo la ghorofa tano limebanwa kwenye jiliwa, na mwanamke mwenye penseli nyuma ya sikio analisugua kwa msasa. Jengo lenyewe halizidi kiganja cha mkono. Analitoa, analipuliza vumbi, analiinua hadi usawa wa jicho, kisha anarudi kwenye kona ileile ambayo mgeni haoni kasoro yoyote.

"Bado," anasema. "Hapa imebaki kama unywele."

Chuo kizima kinamwita Mama Randa. Ni fundi seremala wa chuo kikuu, na kazi yake ya kila siku ni kutibu viti vilivyovunjika miguu, madawati yaliyolegea na milango iliyogoma kufungwa. Lakini ana kazi nyingine ambayo wachache wanaijua. Kwenye chumba cha mikutano cha utawala kuna meza pana, na juu yake kila jengo la chuo limechongwa kwa mbao. Wenyewe wanaiita chuo kidogo. Mtunzaji wake ni yeye.

Jengo lililo mkononi mwake asubuhi hii ni la madarasa, na bado halijajengwa. Likijengwa mahali palipopendekezwa mwanzo, litasimama juu ya sakafu hii hii anayoikanyaga. Karakana itavunjwa. Mafundi wanne, yeye akiwamo, hawajaambiwa watapelekwa wapi, na tetesi zilizozagaa ni kwamba viti vitakuwa vinatengenezwa na kampuni ya nje.

"Ndiyo, najichongea kaburi," anasema, kisha anacheka mwenyewe. "Lakini litakuwa limenyooka."

Kicheko chake ni kikubwa kuliko mwili wake. Kinapoisha, anarudi kwenye msasa.

Chuo hiki kilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wachache, enzi ambazo mhadhara ulimalizika na viti vikiwa vimebaki. Wanafunzi sasa wameongezeka mara nne. Kila palipokuwa na nyasi pameota kitu: bweni, zahanati, tangi la maji, benki yenye mlango wa kioo. Ukumbi mkubwa ukijaa, wanaochelewa husimama nje na kuandikia kwenye kingo za madirisha. Mvua ikinyesha, somo lao linaishia hapo.

Mmoja wa hao wa dirishani anamhusu Mama Randa moja kwa moja. Ni mtoto wa mdogo wake, binti wa mwaka wa pili anayeishi naye.

"Mama mkubwa, mimi nasomea kusimama," binti humwambia jioni akivua viatu. "Nikimaliza wasinipe cheti, wanipe kiti."

Kwa hiyo Mama Randa hana ugomvi na jengo jipya. Analitaka, tena kwa moyo mmoja. Na hapo ndipo ulipo mtihani wake, kwa sababu anayelitaka jengo na anayeogopa kumwaga unga kwa sababu ya jengo hilo ni mtu mmoja.

Aliingia chuoni kama mfagiaji. Zamu yake ilikuwa karakana, na kila alipomaliza kuzoa maranda alichelewa kuondoka, akiangalia mikono ya mafundi. Siku moja fundi mkuu, mpenda utani anayejulikana kwa jina la Mzee Gundi, alimkuta ameegemeza ufagio ukutani na anasugua mguu wa meza.

"Nilijua leo nimefukuzwa," anakumbuka. "Akaniambia, 'Dada, unasugua kinyume cha nyuzi za mbao.' Akaniachia msasa, akaenda zake kunywa chai."

Mzee Gundi naye ana simulizi yake. "Huyu alijifunza upesi mpaka nikaanza kuogopa," anasema kutoka kwenye kona yake, akikoroga kopo la gundi. "Nikasema, nisipoangalia, nitashtukia nafagia mimi."

Mzee amebakiza muda mfupi astaafu, na kwa miaka kadhaa sasa fundi mkuu ni Mama Randa.

Chuo kidogo alikichonga kwa agizo la meneja wa majengo aliyekuwapo wakati ule. Maelekezo yalikuwa mafupi: majengo ya kudumu yawekwe, mabanda yaachwe. Na karakana, kwenye makabrasha ya chuo, ni banda. Liliachwa na mkandarasi aliyejenga maktaba, kuta za mbao na paa la bati, na hakuna aliyewahi kulipandisha cheo.

Mama Randa alichonga maktaba mpaka ngazi zake. Akachonga tangi la maji. Akachonga hata choo cha wageni. Alipofika kwenye kipande cha karakana, alichovya brashi kwenye rangi ya kijani, akapaka nyasi, akasonga mbele.

"Niliambiwa mabanda niache, nikaacha," anasema, na sasa hacheki. "Sikujiuliza mara mbili. Mimi ninayeshinda humu kutwa, nami niliona ni banda tu."

Kosa hilo lilikaa kimya mezani kwa miaka. Lilikuja kuamka pale kamati ya majengo ilipokusanyika kukizunguka chuo kidogo na kutafuta pa kuweka madarasa mapya. Maegesho ya walimu yalikataliwa na wenye magari. Bustani ya mimea ilitetewa na idara yake kwa maneno makali. Watu walipokuwa wameanza kuangalia saa, mwenyekiti wa kamati, mhadhiri mmoja wa uchumi, aliweka kidole kwenye ile rangi ya kijani. Pako wazi, akasema. Kila mtu akashusha pumzi.

Meneja wa majengo wa sasa, ambaye alikuwa mgeni kazini, akamwita Mama Randa ofisini, akampa mchoro na kumwomba alichonge jengo. Fundi alikwenda mwenyewe mezani, akapima nafasi kwa rula, akaona jengo linaingia bila kugusa kitu. Alirudi karakana anaimba. Alikuwa ameshaanza kukata ubao pale Mzee Gundi, aliyekuwa anapaka gundi kwenye kiti, alipomuuliza jengo lenyewe linakaa wapi.

"Nyuma ya maktaba, kabla hujafika kwenye tangi la maji," alimjibu bila kuinua kichwa.

Mzee Gundi aliangalia dirisha la kwanza, akaona ukuta wa maktaba. Aliangalia dirisha la pili, akaona tangi. Akaweka brashi chini.

"Wewe mama," alisema, "si ndiyo hapa tulipo?"

Mama Randa anasema aliketi chini kwenye maranda. Wenzake walidhani amejikata. Alitamani amlaumu mtu, meneja wa zamani, mwenyekiti, yeyote, lakini kila alipotafuta wa kumlaumu alirudi palepale.

"Kamati haikutufuta. Nilitufuta mimi, kwa brashi yangu," anasema. "Roho iliniuma kuliko kama wangenifukuza."

Jioni hiyo alimsimulia binti yote. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

"Sasa mama mkubwa, si uwaambie?"

"Niwaambie nini? Kwamba fundi mzima nimejisahau?"

"Ndiyo. Waambie hivyohivyo."

Asubuhi yake Mama Randa alijifunga kibwebwe. Alichukua kipande kilichobaki cha ubao uleule wa jengo jipya, akachonga karakana: fupi, pana, yenye paa la mgongo mmoja na mlango mkubwa. Ilimchukua muda mfupi tu, na hilo nalo lilimtia uchungu.

Kisha akamwendea meneja wa majengo na kuomba aingie kwenye kikao. Meneja alikuna kichwa. Alijua kuna banda pale, alimwambia kwa unyoofu, ila alidhani ni stoo. Akampa dakika chache mwanzoni mwa kikao.

Walioshuhudia wanasema aliingia na koti lake la kazi, akawasalimu, akanyoosha mkono juu ya meza na kukiweka kile kipande kwenye nyasi za kijani. Mwenyekiti aliinama kukitazama.

"Hiki ni nini, mama?"

"Ni sisi," alijibu.

Akaeleza kosa lake lote, bila kupunguza. Wapo waliocheka, na yeye akacheka nao, kwa sababu kweli linachekesha. Kicheko kilipokwisha, mwenyekiti alimjibu kwa upole lakini bila kuzungusha maneno. Kila mahali chuoni pana mtu, alisema, na wakiiacha karakana, wanafunzi watasimama dirishani mwaka mwingine.

"Najua, mwenyekiti," Mama Randa alimwambia. "Mmoja wao anakula kwangu. Sijaja kuwazuia msijenge. Nimekuja kuwaambia kwamba pale hapako wazi."

Aliyesema baada yake ni msanifu majengo, mwanamke kijana aliyekuwa amekaa pembeni na mchoro wake umekunjwa. Aliomba jengo lichongwe mara tatu, kwa sehemu tatu: moja la kukaa juu ya karakana, moja la maegesho ya walimu, moja la kumega bustani ya mimea. Kila sehemu ina umbo lake, kwa hiyo kila jengo litakuwa tofauti. Kamati iyaone yote mezani, kisha iamue. Mwenyekiti akakubali, akamgeukia fundi.

"Utatuchongea yote matatu, mama? Hata hilo la kwenu?"

"Hata hilo la kwetu."

Kwa hiyo ndiyo maana asubuhi hii anasugua. La maegesho limekwisha, jembamba na refu. La bustani limekwisha pia, limepinda kidogo kuikwepa miti. Lililoko kwenye jiliwa ni la karakana, na amelikusudia liwe la mwisho.

Tangu habari zienee, karakana imepata wageni ambao haikuwahi kuwaona. Mhadhiri mmoja mwenye gari jipya alipita na soda baridi, akasifia sana harufu ya mbao, kisha akauliza kama lile jengo la maegesho haliwezi kuchongwa nene kidogo ili litishe. Mtunza bustani alikuja na ombi kama hilo kuhusu miti yake. Mama Randa aliinywa soda, akamshukuru mhadhiri, na jengo likabaki na vipimo vyake.

Kishawishi kikubwa, hata hivyo, kilitoka ndani ya nyumba.

"Hilo la kwetu liharibu kidogo tu," Mzee Gundi anamwambia, akijifanya anaongea na kopo lake. "Kona moja iwe mbovu. Wakiliangalia wasilipende."

"Halafu waseme fundi wao hajui hata kunyoosha kona? Mzee wangu, hapo si tutakuwa tumewapa sababu?"

"Mimi nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania."

"Haya, sikuwa natania," anakubali mzee, na mafundi wengine wawili wanaangua kicheko.

Mshahara wa Mama Randa ni wa kima cha chini, na anajua kwamba mwanamke wa umri wake hapati kazi ya useremala mahali pengine kirahisi. Usiku mwingine hofu humshika, anasema wazi, na asubuhi inabidi ajisukume kitandani. Lakini akishafika na kushika randa, moyo hutulia. Amekwisha kumwandikia meneja wa majengo ombi kwamba, jengo likiangukia hapa, mafundi wapewe nafasi nyuma ya jenereta, yenye umeme wake na mlango wa kupitisha mbao ndefu. Meneja ameahidi kulipeleka kwenye kikao, ila hakuahidi zaidi ya hapo.

Akipewa nafasi hiyo ana mpango mwingine: kuwafundisha kazi wanawake wa usafi wanaotaka, kila siku baada ya zamu. Wawili wameshamuuliza. Mmoja, anasema, ana mkono mzuri kuliko wa kwake alipoanza.

Kikao ni wiki ijayo. Hatakuwa na nafasi ya kusema safari hii. Ataingia mapema, atayapanga majengo yake matatu kando ya meza, na atatoka.

Kuna utaratibu kwenye chuo kidogo: majengo yaliyopo hugundishwa, yanayopendekezwa hushikiliwa kwa kijiti ili kamati iweze kuyahamisha. Karakana ameigundisha. Meneja alipoiona aliigusa kwa kidole, kisha akasema ni sawa, maana ipo.

Anafungua jiliwa na kulitoa jengo. Anapitisha kidole gumba kwenye kona iliyokuwa inamsumbua, anarudia, anaridhika. Kona imenyooka kabisa. Analiweka dirishani kando ya mengine mawili, na kwa macho ya mgeni ndilo zuri kuliko yote.

"Huenda wakalichagua hili," anasema. "Mimi sina uwezo wa kuwazuia, na hao watoto lazima wakae. Lakini mara ya kwanza waliona nyasi, wakaweka kidole, wakaenda nyumbani. Safari hii wakitutaka tuondoke, itabidi mmoja wao asimame mbele ya wenzake, atushike kwa mkono wake, atubandue."